Sura ya 5: Bodi Inayoimudu Oktoba

Oktoba ya Dodoma haimbembelezi mtu. Mvua ya mwisho imeshasahaulika, mibuyu imesimama na matawi matupu, na upepo wa mchana unabeba vumbi kutoka Nkuhungu hadi Njedengwa na kulipenyeza kila palipo na mwanya. Saa nane mchana joto la kivulini hugusa nyuzi 31 za Selsiasi. Chini ya bati lisilo na dari huwa zaidi ya hapo. Ndiyo saa ambayo kompyuta ya gemu, iliyokesha bila kulalamika katika baridi ya Julai, huanza kukwama. Mpira unaganda hewani katikati ya mechi, gari la mashindano linaruka kutoka kona moja hadi nyingine, mambo yanatulia kwa muda, kisha yanaharibika tena.

Mwenye kompyuta huishuku kadi ya grafiki kwanza, maana ndiyo iliyomaliza akiba yake. Ikionekana haina tatizo, hulaumu bando, kisha gemu lenyewe. Ule ubao mkubwa ulioshikilia kila kitu huangaliwa mwisho. Wengine huuita ubao mama; mafundi huuita mazabodi, au bodi tu. Mara nyingi jibu liko hapo, pembeni kidogo mwa prosesa, ambako vipande vidogo vinavyopunguza volti vimefikia ukomo wa joto lake. Bodi imeona hatari na kuikata prosesa kasi ili kisiungue kitu.

Sifa za bodi huandikwa na watu waliokaa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi, kwenye miji yenye umeme usiokatika. Anayenunua bodi ya gemu kwa matumizi ya Dodoma, Kongwa, Manyoni au Singida anahitaji kuipima upya kwa saa yake mbaya kuliko zote: mchana wa Oktoba, vumbi limejaa, umeme unapepesa.

Kasi iliyokuwa ya bure

Kuovakloki ni kuilazimisha prosesa au RAM ikimbie kuliko kasi iliyopangiwa kiwandani. Mchezo huu una historia, na tangu mwanzo bodi ndiyo iliyoamua nani ataweza na nani hataweza.

Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A. Ilikimbia megahezi 300, kwa sababu ilizidisha mara 4.5 kasi ya njia ya data ya bodi, yaani megahezi 66. Wapenzi wa kompyuta waligundua kwamba njia hiyo ikipandishwa hadi megahezi 100, prosesa ileile hufika 450 na mara nyingi haitetereki. Bodi iliyopata sifa kubwa kwa kazi hiyo ilikuwa BH6 ya kampuni ya Abit kutoka Taiwan. Kwenye bodi nyingine mtu alifungua kasha na kuhamisha vibanio vidogo kwa mkono. BH6 ilimruhusu apange kila kitu kwenye menyu, akiwa amekaa mbele ya kioo. Kasi iliongezeka kwa nusu bila kuongeza senti.

Watengenezaji waliliona hilo wakafunga milango. Kuanzia mwaka 2011, kwa upande wa Intel, uhuru wa kupandisha kizidishio uliwekwa kwenye prosesa zenye herufi K, na zilihitaji bodi ya daraja la juu. Prosesa za sasa, za Intel na za AMD, hujipandisha zenyewe hadi karibu na ukomo wa uwezo wake kila zinapopata ubaridi na umeme wa kutosha. Oktoba 2023 mtaalamu wa Uswidi anayejulikana kama Elmor aliivusha Core i9-14900K mpaka wa gigahezi 9, lakini alitumia heliamu ya kimiminika. Kwa mchezaji wa kawaida faida imehamia kwingine: kupata bodi inayoiacha prosesa ishike kasi yake ya juu kwa saa tatu mfululizo bila kuchoka.

Herufi kwenye boksi

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Ni kusoma jina la chipseti, ile chipu inayoamua bodi inaruhusu nini.

Kwa soketi ya AM4 ya AMD, bodi za A320 na A520 haziruhusu kuovakloki prosesa. B350, B450, B550 na zile za X huruhusu. Kwenye AM5, iliyoanza mwaka 2022, A620 inazuia prosesa lakini inaiachia RAM, na B650 inafungua vyote viwili. Kwa Intel, herufi Z ndiyo inayofungua kizidishio cha prosesa za K. B560, B660 na B760 huishia kwenye RAM, ilhali H510 na H610 hufunga hata hiyo.

Kutoka hapo mnunuzi hujiepusha na makosa mawili ya gharama. La kwanza ni kununua bodi ya Z790 kwa ajili ya Core i5-12400F, prosesa isiyo na K. Atalipia mlango ambao prosesa yake haina ufunguo wake. La pili ni kununua prosesa ya K na kuiweka kwenye bodi ya H. Hata kwa AMD yapo ya kuangalia: Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, iliyopendwa sana na wachezaji, kizidishio chake kimefungwa, kwa hiyo bodi ya kifahari haiiongezei kitu.

RAM ndiyo inayotoa faida kwa jasho dogo. Vijiti vilivyoandikwa 3200 mara nyingi huwaka kwa kasi ya chini mpaka mtu aingie kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya bodi, na kuwasha mpangilio wa kasi uitwao XMP, au EXPO kwa zile za AM5. Vijiti viwili vya gigabaiti 8 hushinda kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa husoma kupitia njia mbili kwa wakati mmoja. Anayetumia prosesa yenye grafiki ndani yake, kama Ryzen 5 5600G, ataiona tofauti hiyo kwa macho.

Wapagazi wa umeme

Chipseti inatoa ruhusa. Uwezo unatoka kwenye kitengo cha kurekebisha volti, ambacho mafundi hukiita VRM, na hapa ndipo bodi nzuri na bodi ya mapambo zinapoachana.

Pawasapulai huleta volti 12, lakini prosesa inataka takriban volti 1.2. Prosesa inayotumia wati 200 kwa volti 1.2 inavuta karibu ampea 167. Birika la umeme la wati 2,000 kwenye soketi ya ukutani huvuta ampea 9 hivi. Mkondo mara 18 ya ule wa birika unapita kwenye eneo dogo kuliko kiganja cha mkono, na hata kama VRM ina ufanisi wa asilimia 90, wati 22 zinageuka kuwa joto papo hapo. Hilo ni joto la chuma kidogo cha kulehemu cha fundi redio, limewekwa juu ya bodi na kuachwa liwake muda wote gemu linapochezwa.

Dawa yake ni kugawana mzigo. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na bidhaa ziligawanywa katika mizigo ya takriban kilo 30 kwa kila mpagazi. Hakuna kiongozi wa msafara aliyewapa watu wanne mzigo wa watu kumi akategemea kuvuka nyika ya Mgunda Mkali. VRM inafanya kazi hivyohivyo. Kila fezi ni mpagazi: ina mosfeti zinazowasha na kuzima mkondo, koili inayoulainisha, na kapasita zinazohifadhi akiba. Fezi zikiwa nne, kila moja inabeba zaidi ya ampea 40 kati ya zile 167. Zikiwa kumi na mbili, kila moja inabeba 14.

Kuhesabu koili, vile vijiboksi vya mraba vilivyopangwa kando ya soketi, ni mwanzo mzuri lakini hakutoshi. Boksi likisema fezi 16, huenda ni njia nane zilizogawanywa mara mbili. Hilo si udanganyifu, kwa sababu joto bado linagawanyika. Linalotakiwa ni kujua pia kila mosfeti ina uwezo wa ampea ngapi, na kama juu yake pana hitisinki nzito yenye mapezi halisi au kipande cha bati kilichopakwa rangi. Bodi nyingi za bei ya chini huacha mosfeti za upande mmoja zikiwa uchi kabisa. Kwa Ryzen 5 5600, inayoruhusiwa wati 76 tu, bodi ya kawaida yenye hitisinki inatosha na kubaki. Kwa Core i9-14900K, ambayo Intel imeipangia hadi wati 253, bodi ya kiwango hicho italemewa.

Mwaka 2021 wapimaji wa Hardware Unboxed, wa Australia, waliweka prosesa moja kwenye bodi tofauti za B560. Matokeo yaliachana sana. Bodi dhaifu ziliibana prosesa kwenye kikomo cha chini cha wati, na aliyenunua prosesa hiyo alipata kasi pungufu kwa sababu ya bodi peke yake.

Bodi iliyozidisha wema

Ipo hatari ya upande wa pili: bodi inayotoa umeme kupita kiasi bila kumwambia mwenyewe. Ili zionekane bora kwenye majaribio, bodi nyingi za Z690 na Z790 zilitoka kiwandani zikiwa zimeondoa kikomo cha wati; ndani ya BIOS kilisomeka wati 4,096, namba isiyo na maana yoyote ila "chukua utakacho".

Prosesa za Core za kizazi cha 13 na 14 zilipoanza kuzima gemu ovyo, mipangilio hiyo ilishukiwa mapema. Julai 2024 Intel ilieleza kwamba programu ya ndani ya prosesa ilikuwa ikiomba volti kubwa kupita kiasi, na prosesa zilizokwisha kudhurika hazingepona. Marekebisho yaliyopewa jina 0x129 yalitoka Agosti 2024, yakafuatiwa na 0x12B mwezi uliofuata, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. AMD nayo ilikuwa imeonja machungu kama hayo Aprili 2023, pale baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D zilipoungua kwenye soketi. Ikaziagiza kampuni za bodi zisivuke volti 1.3 kwenye sehemu ya prosesa iitwayo SoC.

Marekebisho yote hayo yalimfikia mtumiaji kwa njia moja, toleo jipya la BIOS. Kwa hiyo bodi hupimwa pia kwa kampuni inavyoihudumia baada ya kuiuza. MSI ilipotoa B450 Tomahawk Max mwaka 2019, mabadiliko makubwa yalikuwa chipu ya BIOS ya megabaiti 32 badala ya 16, kwa sababu ya zamani ilikuwa imejaa na haikuweza kubeba orodha ya prosesa zote za AM4. Chipu hiyo ndiyo iliyoirefushia bodi maisha.

Hewa nyepesi, hewa kavu

Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, kwa joto lilelile, hewa ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko ya Dar es Salaam. Feni inazunguka vilevile, lakini kila mzunguko unasukuma hewa pungufu, na joto linaloondoka kwenye hitisinki linapungua. Kifaa kinachopanda nyuzi 60 juu ya joto la chumba kule pwani kinaweza kupanda nyuzi 4 hadi 7 zaidi huku juu, kwa feni ileile na mwendo uleule.

Ukavu una mema yake. Chumvi na unyevu wa pwani vinavyokula miguu ya chipu havipo hapa. Badala yake kuna umeme tuli. Juni hadi Agosti, fundi anayevua sweta huku ameshika RAM anaweza kuua kifaa bila kuona cheche. Dawa ni kuigusa chesisi ya chuma iliyounganishwa na ardhi kabla ya kugusa bodi, baada ya kuhakikisha kwamba nyumba kweli ina waya wa ardhi, maana zipo zisizo nao.

Vumbi linataka mpango kabla ya ununuzi. Bodi yenye sehemu nyingi za kuchomeka feni, zinazodhibitiwa kutoka BIOS, inamwezesha mwenyewe kuingiza hewa nyingi kupitia chujio kuliko inayotoka, ili hewa ndani ya kasha isukume nje na vumbi lisinyonywe kwenye kila ufa. Hitisinki yenye mapezi yaliyobanana sana hupendeza dukani lakini huziba haraka. Yenye nafasi husafishwa kwa blowa na brashi laini, feni zikiwa zimeshikwa kwa kidole zisizungushwe na upepo.

Milisekunde 16

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 bado uko kwenye kumbukumbu. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingia kwenye gridi, wa kwanza kati ya mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na hali ya uzalishaji ikabadilika. Hata hivyo tawi likiangukia waya au transfoma ya mtaa ikizidiwa, umeme bado hupepesa.

Pawasapulai nzuri ya kompyuta inakubali volti 100 hadi 240, hivyo volti ikishuka kutoka 230 hadi 190 haitikisiki. Kinachoishinda ni kukatika. Kwa viwango vya ATX, akiba yake inatakiwa kudumu takriban milisekunde 16, wakati wimbi moja la umeme wa hezi 50 linachukua milisekunde 20. Wimbi moja tu likikosekana, kompyuta inaweza kuzima.

Kwa mchezaji hilo ni mechi iliyopotea. Kwa anayesasisha BIOS ni bodi iliyokufa, kwani chipu iliyoandikwa nusu haiwezi kuiamsha kompyuta. Ndiyo maana kifungo kidogo cha nyuma ya bodi, ambacho ASUS hukiita BIOS FlashBack na MSI hukiita Flash BIOS Button, kina thamani kubwa Dodoma kuliko Berlin. Kinaruhusu BIOS iandikwe upya kutoka kwenye flashi hata kama jaribio la kwanza liliharibika, bila kuhitaji prosesa wala RAM. Baadhi ya bodi za Gigabyte zina chipu mbili za BIOS, moja ikiwa ya akiba. Bodi isiyo na kimojawapo isisasishwe bila UPS, ile betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika.

Bodi ambayo wengi wanayo

Mazungumzo ya Z790 yanawagusa wachache. Mwanafunzi wa Ndaki ya Sayansi za Kompyuta na Elimu Angavia ya Chuo Kikuu cha Dodoma, anayetaka kompyuta ya kujifunzia programu mchana na kuchezea gemu usiku, mara nyingi huanza na kompyuta iliyotumika: Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyostaafu ofisini Ulaya au Ghuba, ikapitia Kariakoo na kupanda basi.

Mashine hizi ni imara, ila bodi zake zina masharti. OptiPlex 9020 ya mwaka 2013 ina chipseti ya Q87 na BIOS isiyo na menyu ya kuovakloki. Plagi yake ya umeme ina pini 8 za Dell badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo pawasapulai ya dukani haiingii bila adapta. Tundu la kadi ya grafiki hutoa wati 75 tu, ndiyo maana GTX 1050 Ti na GTX 1650 zisizohitaji waya wa ziada zimekuwa kimbilio. Radeon RX 6500 XT huonekana bora kwenye karatasi, lakini inatumia njia nne tu za PCIe, na kwenye bodi ya PCIe 3.0 upana wa njia hizo unakuwa nusu ya ilivyokusudiwa. Zaidi ya hapo, gemu kama Valorant kwenye Windows 11 hudai vipengele vya usalama vya TPM 2.0 na Secure Boot, na bodi za umri huo ni za kuchunguzwa kwanza.

Anayejipanga kwa miezi kadhaa anaweza kuruka hatua hiyo na kuanza na bodi ya B450 au B550 na prosesa ya kawaida. Bodi hizo zilitengenezwa kabla ya Ryzen 5 5600 na zote huibeba baada ya kusasishwa. Kwa mwenye kipato kidogo, uwezo wa kubadilisha prosesa bila kubadilisha bodi ni kuovakloki kwa mfuko.

Kuipima mezani

Bodi iliyotumika hukaguliwa kwanza bila umeme: pini za soketi kwa mwanga wa pembeni, vichwa vya kapasita kama vimevimba, rangi ya ubao kama imegeuka kahawia karibu na VRM. Kisha hujaribiwa ikiwa ndani ya kasha lililofungwa, mchana, mlango wa duka ukiwa wazi. Cinebench R23 huendeshwa kwa dakika 30, HWiNFO ikionyesha joto la VRM na kasi ya prosesa. Kasi ikianguka ghafla joto la prosesa lenyewe likiwa bado chini, mkosaji ameshajulikana.

Bodi mpya haiwezi kujaribiwa hivyo kabla ya kulipiwa, lakini hesabu inawezekana. Tuseme bodi yenye taa nyingi imepimwa na wataalamu ikafika nyuzi 95 katika chumba cha nyuzi 21, yaani imepanda 74. Nyingine, haina taa hata moja, imefika 70, yaani imepanda 49. Dodoma, mchana wa Oktoba, joto la chumba linaanzia 31, na hewa nyepesi inaongeza nyuzi sita kwa ya kwanza na nne kwa ya pili. Bodi ya taa inasoma 111, mahali ambapo bodi nyingi huanza kuikata prosesa kasi. Ile ya kawaida inasoma 84 na kuendelea na mechi. Kama tofauti ya bei imebaki mfukoni, inatosha kuanzia UPS, na kitambaa chepesi cha chujio cha kufungia mdomo wa feni ya mbele kabla upepo wa saa nane haujaanza.